Ng'ombe Wako, Shangazi, na Nyumba ya Baba

S.L.P. 31,
Tunduma.
Jumanne, 3 Desemba, 1985.

Mpendwa Shangazi Nesta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kidatu, wewe na Mzee Osea na Ruti na wadogo zake. Mguu wa Mzee Osea umepona? Ruti alituandikia wakati wa Pasaka kwamba ulikuwa unavimba na anachechemea akienda kwenye miwa. Tangu hapo hatujasikia neno, na Bibi kila akiniona ananiuliza habari zenu, kana kwamba posta naifungua mimi.

Sisi hapa tu wazima wa mwili. Mvua zimeanza vizuri na njia ya Ndalambo imeshakuwa tope. Sukari haipo. Sabuni ipo ng'ambo, kwa mwenye kwacha. Mimi nimemaliza Kidato cha Nne mwezi uliopita, nasubiri matokeo, nashinda nyumbani na Mama.

Najua hunifahamu sana, Shangazi. Mlihamia Kidatu nikiwa bado nabebwa mgongoni, na ulipokuja kwenye msiba wa Babu nilijificha nyuma ya mlango wa jiko mpaka ukanitumia peremende kwa mkono wa Ruti. Nilizila zote lakini sikutoka. Unisamehe kwamba barua yangu ya kwanza ndefu kwako ni ya jambo zito. Baba hajui kama naandika. Alisema, "Dada asisumbuliwe, ana yake." Lakini jambo lenyewe limekufikia wewe kabla ya barua, kama utakavyoona.

Ni habari ya nyumba. Unakumbuka Baba alikopa benki akajenga hapa Tunduma, karibu na barabara ya malori. Vyumba vinne, matofali ya kuchoma, bati, sakafu ya saruji. Wakati ule alikuwa mtunza stoo ya vipuri kwenye kampuni ya malori, na vyumba viwili tulikuwa tunawapangisha madereva. Mshahara ulikuwa unakatwa benki kila mwezi, kodi ya madereva inanunua unga, na sisi tukaona nyumba inajilipa yenyewe.

Halafu malori yakaanza kukosa matairi. Yakasimama uwanjani mpaka majani yakaota chini yake. Mwezi wa saba wafanyakazi wakapunguzwa, na Baba alikuwa kati yao. Madereva wakahama. Benki haikuhama.

Kuna pia deni la pili. Fedha za benki ziliishia kwenye kuta, kwa hiyo bati, saruji ya sakafu na milango Baba alichukua kwa Mzee Zahoro, yule mtu wa Kondoa mwenye duka la vifaa hapa stendi. Alichukua kwa mdomo tu, kwa kuaminiana. Mzee Zahoro hajamtukana hata siku moja. Hupita jioni akitoka msikitini, anakaa barazani kwetu, anatazama juu, anasema, "Hezron ndugu yangu, benki ilikupa karatasi, mimi nilikupa bati. Mvua ikinyesha nani anakukinga?" Baba anacheka. Mzee Zahoro naye anacheka. Akiondoka, Baba hali chakula.

Na madeni mengine ni madogo madogo, ya fundi, ya mzee mmoja wa kanisa, ya rafiki yake wa stoo. Nayajua kwa sababu watu hao sasa wakitupita njiani wanamsalimia Mama peke yake.

Mwezi wa tisa benki ikaleta taarifa kwamba bwana mmoja atatoka Mbeya kuja kutazama hali yetu. Hapa ndipo tulipokosea, Shangazi, na tulikosea wote. Baba alisema mgeni hawezi kuikuta nyumba imefubaa, ataondoka akisema Hezron ameanguka. Akaenda tena kwa Mzee Zahoro, akachukua chokaa, tukapaka nyumba nzima, mimi na Mama mpaka mikono ikababuka. Mama akaazima viti vya kanisa. Mchele tukakopa. Jogoo alikuwa wetu, tukamchinja, na mgeni akawekewa firigisi kama inavyopasa.

Yule bwana alikula vizuri. Alikuwa mpole, alimsifu Mama kwa mapishi. Baba alikuwa amejiandaa kumwomba wasimamishe deni mwaka mmoja, lakini alisema huwezi kumwomba mgeni akiwa bado ananawa mikono. Akangoja. Gari likapiga honi, bwana akasimama, wakaagana vizuri sana mpaka tukamsindikiza barabarani. Baada ya wiki chache likaja jibu kwamba mdaiwa anaonekana ana uwezo, basi alipe malimbikizo yote kabla ya Januari kwisha, la sivyo nyumba itatangazwa mnada.

Baba aliposikia neno hilo, ana uwezo, alitazama ukuta mweupe akasema, "Tumejipaka wenyewe." Hajapaka kitu tena tangu siku hiyo, hata viatu vyake.

Sasa kila mtu ana njia yake ya kututoa, na mimi nikimsikiliza kila mmoja naona ana haki, mpaka nikilala kichwa kinakuwa kama redio iliyokaa katikati ya stesheni mbili.

Mjomba Sadoki, kaka yake Mama, anasema tuvuke. Yeye yuko Nakonde, kutoka hapa unamwona akianika mahindi. Anasema benki ya Tanzania haina miguu ya kuvuka mpaka, wangapi wamevuka na madeni yao na sasa wanauza samaki Kitwe wakiwa wanene. Amempa Baba ufunguo wa chumba chake cha nyuma. Baba hakukubali, hakukataa. Ameutundika kwenye msumari karibu na kioo, na kila anayechana nywele anauona. Naogopa, kwa sababu Mjomba alisema avuke kwanza Baba peke yake, sisi tufuate baadaye. Kuna baba wa rafiki yangu alivuka kwanza peke yake. Nilianza Kidato cha Kwanza na nimemaliza cha Nne, hawajamfuata wala hajarudi.

Mzee Zahoro anasema nyumba apewe yeye. Atamaliza deni la benki, atafuta deni lake, na atatuongezea kidogo cha kuanzia. Alisema, "Mimi riba sili, na nyumba ya mtu siivizii. Lakini mnadani watakuja watu ambao hata salamu hawakupi." Baba akamwambia atafikiri. Yule mzee alipoondoka, Mama akasema, "Amekuwa analitazama bati lake tangu siku ya kwanza."

Mama anataka ng'ombe wauzwe. Na hapo ndipo wewe unapoingia, Shangazi.

Ng'ombe walioko Ndalambo ni wako. Mimi sikujua vizuri mpaka mwaka huu. Bibi amenieleza kwamba waliletwa na watu wa Mzee Osea ulipoolewa, na baadhi yao ndio waliotumika kumwoa Mama, na waliobaki wakazaana mikononi mwa Baba Mdogo Yonathani. Kwa hiyo hata Mama yupo kwa ajili ya ng'ombe wako, na mimi pia. Bibi amesema hakuna mkia utakaotoka zizini bila neno la mwenye mahari.

Baba akasema basi hakuna la kufanya, wewe uko mbali. Bibi akamshangaa. Akasema, "Mbali wapi? Si yule pale anapepeta ulezi?" Akanionyesha mimi kwa kidevu.

Unajua jinsi ilivyo kwetu. Kwa kuwa mimi ni wajina wako, Baba hajawahi kuniita mwanangu. Ananiita dada. Baba Mdogo naye ananiita dada na kuniomba tumbaku. Bibi ananiita mwanangu kabisa, si mjukuu. Na Mama akiwa amefurahi au amekasirika ananiita wifi: "Wifi, chungu kinaungua!" Nimekua na utani huo, nikadhani ni utani. Sasa Bibi anasema Jumapili hii wote tukutane Ndalambo, na mimi nikae mahali pako nitoe neno lako, ama ng'ombe wauzwe, ama nyumba iende, ama Baba avuke.

Shangazi, mimi siwezi. Sauti yangu unaijua, au hujui, basi nikwambie. Shuleni mwalimu wa Kiswahili alikuwa anatoka mbele anakuja kuinama kwenye dawati langu ili asikie jibu.

Leo asubuhi nilikwenda posta kukupelekea simu ya maandishi, maana barua haitafika kabla ya Jumapili. Fedha nilizokuwa nazo zilitosha maneno machache. Nikaandika, NG'OMBE AU NYUMBA JIBU UPESI NESTA. Karani akasoma, akaniangalia, akasema, "Binti, Nesta anampelekea Nesta? Na huyu atakayepokea si atadhani umempigia ramli?" Watu waliokuwa nyuma wakacheka. Ningeweza kumweleza. Badala yake nikachukua kikaratasi changu nikatoka, nikaja kukaa hapa barazani kukuandikia barua ambayo najua itachelewa. Naomba uniambie tu, ungekuwa hapa ungesema nini?


Jumanne, 10 Desemba.

Shangazi, barua haikwenda. Wiki ile stempu zilikwisha posta, na jana ilikuwa Sikukuu ya Uhuru, pamefungwa. Kwa hiyo naendelea hapa hapa, na unisamehe wino umebadilika.

Tulikwenda Ndalambo Jumamosi kwa lori la mahindi. Nilikuwa nimepanga neno langu njia nzima. Nilipanga kusema, kwa heshima, nimemwandikia Shangazi, tusubiri jibu lake. Nililirudia kimoyomoyo kila lori lilipokwama.

Jumapili baada ya ibada wakakaa barazani kwa Bibi. Bibi akatandika ule mkeka mpana, akaweka kigoda, akaniambia, "Kaa." Nikakaa ukingoni. Akasema, "Kaa kama mtu mwenye kwake." Nikasogea. Kisha Baba Mdogo Yonathani akachuchumaa mbele yangu, akapiga makofi taratibu kama tunavyomsalimia mkubwa, akaniambia, "Karibu, dada. Za Kidatu? Shemeji umemwachia nani? Hata kilo moja ya sukari ya huko hukutuletea?" Wote wakacheka, na mimi nilicheka, nikafikiri labda yote ni mchezo na yataishia hapo.

Lakini Baba naye akaja akachuchumaa. Yeye hakucheka. Alipiga makofi akiangalia chini, na niliona kola yake imechakaa mahali ambapo Mama ameigeuza.

Wakaanza kusema. Mama alisema vizuri sana, Shangazi, sijawahi kumsikia akisema hivyo. Alisema maji ya matofali yale aliyabeba yeye kichwani akiwa na mimba. Alisema sakafu ile aliisugua kwa jiwe mpaka ikang'aa, na ng'ombe huzaa lakini nyumba haizai. Akanigeukia akasema, "Wifi, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu." Alikuwa anakuomba wewe, lakini macho aliyoyatazama yalikuwa yangu.

Baba Mdogo akasema mvua zimeanza, maksai ndio wanaolima shamba lake na la Bibi na la majirani wanaomlipa ulezi. Ukiwauza leo, mwezi wa sita watu wa nyumba hii watakula chokaa ya Hezron. Baba aliposikia hilo la chokaa aliinamisha kichwa, na Bibi akamkemea Baba Mdogo.

Wakanigeukia. Nikajua ni zamu yangu. Nikasema neno langu nililolipanga, kwamba nimemwandikia Shangazi, tusubiri jibu.

Bibi akasema, "Barua ya nini, na mwenyewe umeketi hapa?"

Hawakucheka. Walikuwa wananitazama wote, na nikaona kweli wanakutazama wewe. Nilitafuta mlango wa jiko wa kujificha, haukuwepo.

Nataka nikueleze nilichokuwa nawaza ili usidhani nilibahatisha. Nilikuwa nimefanya hesabu mara nyingi. Ng'ombe wote wakiuzwa wangetosha malimbikizo ya benki tu. Januari ingepita salama. Lakini Februari benki ingedai tena ya Februari, na Machi ya Machi, na Baba hana mshahara, na zizi lingekuwa tupu. Mzee Zahoro angebaki anatazama bati lake. Mwaka unaofuata tungeuza nini? Hiyo niliiona wazi, kama hesabu ya shuleni. Kisichokuwa wazi ni Mama. Hesabu haikuwa na mahali pa kumweka Mama.

Na kuhusu kuvuka, sikuwa na hesabu yoyote. Niliona tu ule ufunguo kwenye msumari.

Nilifungua mdomo nikasema, "Hezron."

Shangazi, nilimwita baba yangu kwa jina lake. Sijui lilitokaje. Mkubwa wake humwita hivyo, na mimi nilikuwa nimekaa mahali pa mkubwa wake. Akainua kichwa upesi, kama mtoto aliyeitwa na mtu anayemwogopa. Na sauti haikuwa ndogo. Kuku waliokuwa chini ya ghala walishtuka.

Nikasema, "Hezron, huvuki. Deni usilikimbie, watoto wako watalirithi pamoja na aibu. Ng'ombe wangu hawauzwi, walime. Nyumba mpe Zahoro aliyekupa bati, ulipe benki, urudi hapa ushike plau na mdogo wako."

Nilitaka kunyamaza hapo. Lakini nikaongeza, "Na mgeni akija tena, mwambie shida yako kabla hujamchinjia jogoo." Hilo sikulipanga kabisa, na sijui kama lilikuwa lako au langu.

Baba Mdogo akapiga paja lake akasema, "Huyo ndiye! Hata hiyo shingo anavyoikunja, ndiye!" Bibi alifuta macho kwa pindo la kitenge, kisha akasema, "Mwanangu amesema. Imekwisha." Mzee wa jirani aliyekuja kushuhudia akaitikia.

Baba alisimama akaenda zizini. Nilimwona kwa mbali anampapasa yule maksai mwekundu mgongoni, anampapasa tu, muda mrefu. Mama alikusanya vyombo ambavyo havikuwa vichafu akaenda kuviosha.

Tulirudi jana kwa lori lile lile. Nilipoteremka mguu ukateleza, Baba akanishika mkono nisianguke, akauachia.

Na sasa nikwambie kinachonichanganya kuliko vyote. Mama hajaacha kuniita wifi tangu Jumapili, lakini si ule wa utani. Leo asubuhi nilitaka kumsaidia kupiga deki akanipokonya tambara. Akasema, "Acha, wifi. Wewe si mwenye nyumba? Wenye nyumba hawapigi deki." Anaisugua sakafu ile, Shangazi, chumba hadi chumba, kwa jiwe, kama siku ya kwanza. Nyumba inakwenda kwa mtu mwingine na yeye anaing'arisha. Nilisimama mlangoni sijui kama nilie au nichote maji. Nikachota maji. Aliyapokea bila kunitazama.

Najiuliza, kama nilikuwa wewe siku ile, basi aliyeniambia "nakuomba" aliambiwa hapana na wifi yake, na mawifi hupatana au hawapatani, dunia inaendelea. Lakini kama nilikuwa mimi tu, Nesta wa Tunduma, niliyekalishwa kwenye kigoda nikajiona mkubwa, basi nimemtoa mama yangu nyumbani kwake kwa kinywa changu mwenyewe. Bibi anasema wajina ni mtu yule yule. Shuleni tulifundishwa kila mtu ni yeye mwenyewe. Nikiwa na Bibi namwamini Bibi. Nikisikia jiwe la Mama linakwaruza sakafu simwamini tena.

Ndiyo maana nakuomba mambo mawili. La kwanza, uniambie ukweli, ungesema hivyo? Usinionee huruma. Kama ungeuza ng'ombe, niambie, nitakwenda mwenyewe kupiga magoti kwa Mama, na jambo bado ni bichi, Baba bado ana Januari nzima. La pili, kama neno lilikuwa lako, mwandikie Mama. Mwandikie wewe, wifi kwa wifi, umwambie ni wewe uliyesema, ili hasira yake ipande gari ije huko Kidatu kwa mwenyewe. Wewe ni mtu mzima, utaiweza. Mimi bado nakula chungu kimoja naye.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa, lakini kuna jambo limetokea sasa hivi, acha niliandike kama lilivyo.

Baba ametoka chumbani amevaa lile koti lake la stoo. Amenikuta hapa barazani, nikafunika karatasi kwa kiwiko. Akauliza, "Unamwandikia nani?" Siwezi kumdanganya, nikasema, "Shangazi." Nilidhani atagomba kwa kuwa alikataza. Alisimama akatazama barabara. Kisha akaingia ndani, akatoa ule ufunguo kwenye msumari, akauweka juu ya barua hii, hapa uonapo alama ya kutu. Akasema, "Kesho umpelekee mjomba wako. Umwambie asante, chumba apangishe." Halafu akashuka ngazi kuelekea stendi, upande wa dukani kwa Mzee Zahoro. Hakwenda haraka. Alipofika chini ya ngazi aligeuka akasema, "Na huyo unayemwandikia, mwambie nimemsikia."

Hakuniita dada, Shangazi. Wala hakuniita mwanangu. Sijui sasa mimi ni nani kwake, lakini ufunguo uko hapa mbele yangu na msumari uko mtupu.

Mama pia amechungulia dirishani. Amesema, "Wifi wa Kidatu ndiye anayeandikiwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Muulize kama mguu wa mumewe umepona." Kisha jiwe likaendelea.

Basi Mama anakusalimu, nadhani hiyo ni salamu. Bibi anakusalimu sana na anasema ukija ulete sukari, Baba Mdogo Yonathani asikucheke. Baba Mdogo mwenyewe na watu wote wa Ndalambo wanakusalimu. Msalimie Mzee Osea, na Ruti, mwambie zile peremende nazikumbuka. Wadogo zake wote wape shikamoo zangu wasizostahili, maana mimi sasa ni mama yao mzazi, akitaka Bibi.

Mungu awalinde na joto la huko na homa zake, auponye mguu wa Mzee Osea, na akupe nafasi uje. Uje, Shangazi, hata kwa siku chache kabla Januari haijaisha. Kigoda chako kiko barazani kwa Bibi. Nilikikalia mara moja tu, na miguu yangu haikufika chini vizuri.

Wako akupendaye, niliyepewa jina lako,

Nesta Nambeye (mdogo)